Skrubu ya uti wa mgongo hukaguliwa kabla haijaingia

Malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha upasuaji hapa Kampala yameongezeka, na mengi yanafanana: mgonjwa aliyewekewa skrubu katika uti wa mgongo baada ya ajali ya bodaboda bado anasikia maumivu, na jamaa zake wamekwisha kuamua kwamba skrubu imekwenda upande. Maumivu ya wiki za mwanzo, peke yake, hayathibitishi jambo hilo.

Skrubu huingizwa kutokea nyuma ya pingili, yaani mfupa mmojammoja wa uti wa mgongo, ndani ya kijishingo chembamba cha mfupa ambacho kwa upande wa ndani kinapakana na mfereji wa ugwe wa mgongo, yaani kamba kuu ya neva, na chini yake hupita neva. Katikati ya kifua kijishingo hicho chaweza kuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Kwa hiyo hupimwa kwanza kwenye siti skani, kisha mgonjwa akiwa mezani pingili huhesabiwa upya kwa eksirei, kwa kuwa skrubu iliyonyooka katika pingili isiyohusika ni kosa vilevile. Njia ikishafunguliwa, daktari huingiza kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo na kupapasa kuta zote nne pamoja na mwisho wa tundu. Mfupa mzima hukwaruza kama changarawe. Kijiti kikizama ghafla, ukuta umetoboka, na njia hiyo hurekebishwa au huachwa.

Wapo wanaodai kwamba pasipo roboti daktari anabahatisha. Si kweli, na dai hilo limewachelewesha wagonjwa waliohitaji kutibiwa mapema. Roboti na mashine nyingine za kuongozea skrubu huongeza usahihi, hatubishi, lakini kifaa cha rejea, yaani alama inayofungwa kwa mgonjwa ili mashine ijue mifupa iko wapi, kikigongwa, kioo cha kompyuta kitaendelea kuonyesha mahali pasipo sahihi bila kusita, na vidole vya daktari ndivyo vitakavyogundua.

Skrubu iliyopita ukuta kwa chini ya milimita 2 bila dalili yoyote mara nyingi huachwa, kwani kuitoa ni upasuaji mwingine. Lakini mguu ukilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukizuilika, mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Anayetaka kulalamika aanze kwa barua kwa mkuu wa kitengo, akitaja namba ya faili na tarehe ya upasuaji. Asiporidhika, apeleke shauri kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, lenye mamlaka ya kumwadhibu daktari, hata kumfuta katika rejista. Aombe nakala ya fomu ya ridhaa na ya ukurasa uliobandikwa lebo za skrubu, zenye ukubwa na namba ya toleo. Alete pia filamu zenyewe za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, si picha iliyopigwa kwa simu dirishani, ambayo mara nyingi hata alama ya kulia na kushoto haisomeki.