Ukibonyeza F1, programu inajuaje ukurasa wa kukufungulia?

Upo kwenye dirisha la kuchapisha, umekwama, unabonyeza F1. Msaada unafunguka palepale penye maelezo ya kuchapisha. Programu haikusoma mawazo yako. Imetaja namba tu.

Kila dirisha lenye msaada hupewa namba na mtengenezaji wa programu, tuseme 1001. Mwandishi wa msaada naye ana ukurasa wake, chapisha.htm. Kinachowakutanisha ni orodha mbili. Ramani huipa namba jina:

#define IDH_CHAPISHA 1001

Orodha ya pili hulipeleka jina hilo kwenye ukurasa:

IDH_CHAPISHA=chapisha.htm

Ndivyo inavyofanya kazi HTML Help, mfumo wa mafaili ya .chm ulioletwa na Microsoft mwaka 1997. RoboHelp na MadCap Flare, zana za kuandikia msaada, nazo zina ramani ya namna hiyo, hata unapotoa msaada wa kusomwa kwenye kivinjari.

Anayejifunza zana hizi aanzie hapo, si kwenye fonti na rangi. RoboHelp na Flare ni za kulipia, ila zina toleo la majaribio la muda maalumu. Siku huanza kuhesabiwa mara moja, kwa hiyo andaa kwanza kurasa tatu na namba zake, ndipo upakue. HelpNDoc, zana nyingine ya aina hiyo, ni bure kwa matumizi binafsi. Kwenye mwongozo wa zana yoyote kati ya hizo, tafuta maneno "context-sensitive help", yaani msaada unaolingana na dirisha ulilopo. Sura hiyo ndiyo utakayoirudia mara nyingi kuliko zote.

Ukikutana na ujumbe "HH_HELP_CONTEXT called without a [MAP] section", ramani haikuingizwa kwenye mradi kabla ya kukompaili, yaani kuzigeuza kurasa kuwa faili moja la .chm. Ukifunguka ukurasa usiohusika, mara nyingi namba zimebadilishwa upande wa programu na mwandishi hakuambiwa. Dawa ni faili moja la ramani linalotumiwa na pande zote mbili. Nakala mbili zitapishana tu, mapema au baadaye. Na usibadilishe jina la ukurasa nje ya zana, maana orodha ya pili itabaki inaelekeza kwenye jina la zamani.

Kuna hitilafu moja inayowahangaisha wengi: orodha ya yaliyomo inaonekana kushoto, kulia kweupe. Faili la .chm lililopakuliwa mtandaoni hutiwa alama na Windows, kisha kurasa zake huzuiwa. Libofye kulia, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, bofya OK. Likiwa kwenye diski ya pamoja ya ofisi, lihamishie kwenye kompyuta yako; sasisho la usalama la mwaka 2005 lilibana ufunguaji wa mafaili haya kupitia mtandao. Bado kweupe? Angalia kama jina la folda lina alama ya #. Kisomaji hudhani anwani ya faili imeishia hapo, kinatafuta kisichokuwepo. Ondoa alama hiyo na ukurasa utatokea.