Marahaba ya Ngazija

Nikisema wanafunzi wa biashara wasomeshwe lugha za Komoro, jibu ninalolipata hapa Unguja ni lile lile: "Wangazija si ndugu zetu? Wanasema Kiswahili."

Ndugu ni ndugu kweli, na Mji Mkongwe una koo nyingi zenye asili ya huko. Ila Shikomori, lugha yao, na Kiswahili ni lugha mbili za shina moja, la Sabaki, lililozaa pia Kipokomo na Kimijikenda. Sikio huzoea upesi: mtu kwao ni *mdru*, tatu ni *ndraru*, tano ni *ntsanu*. Mtego umo kwenye maneno yanayofanana na yetu kabisa. Mngazija akikwambia "marahaba", haitiki shikamoo yako, anakushukuru. Tena wana lahaja zao, na uliyojifunza Moroni, kisiwani Ngazija, yatakukwamisha kidogo ukifika Mutsamudu, kisiwani Nzwani.

Wengine huniambia nisomeshe Shikomori peke yake, maana Kifaransa ni cha mkoloni. Mkoloni kaondoka tangu 1975, makaratasi yake yamebaki. Bei utapatana kwa Shikomori, lakini ankara na mkataba vitakujia kwa Kifaransa. Komoro imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara, nyingi zikiwa nchi zinazotumia Kifaransa. Kijana aliyesoma sheria za kampuni kwa Kiingereza akiona "SARL" kwenye bango, asije akadhani ni jina la mwenye duka. Ni kampuni yenye dhima ya ukomo.

"Kiingereza kinatosha." Kwenye mikutano ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, labda.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba hesabu haina lugha. Kwa Kifaransa 70 ni "sitini-kumi", 80 ni "ishirini nne", na 90, Mungu atusamehe, ni "ishirini nne na kumi". Mtu akikutajia bei kwa simu, *soixante-quinze*, wewe umeshaandika 60 naye hajamaliza; alikuwa anasema 75. Kwenye karatasi ni hatari zaidi. Kwao mkato hutenga desimali: kilo 12,500 za karafuu, ambazo kwa Mpemba ni shehena, kwao ni kilo kumi na mbili na nusu. Bilioni yetu wao huita *milliard*, na *billion* yao ni trilioni yetu. Na tarakimu ndefu haziepukiki, kwani faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, karibu faranga 492 kwa euro moja.

Kuna na wanaoshikilia kuwa sarufi itangulie, biashara mwaka wa tatu. Mimi vitenzi naviweka kando kwanza. Wiki ya kwanza naingia darasani na ankara ya karafuu ya Kifaransa, tunaisoma mstari kwa mstari mpaka chini penye muhuri.