Dirisha lianzie kozi ya ngapi?

Kimo cha dirisha, watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria ukubwa wa dirisha lenyewe, kwamba ni futi 5 kwa 5 au 4 kwa 4. Hapana, hapa naongelea kile kizingiti cha chini, pale unapoweka kiwiko ukichungulia nje, kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Na nikisema sakafuni namaanisha sakafu iliyokwisha, yenye tailizi, siyo jamvi, yaani zege la chini kabla ya kumalizia sakafu, maana hapo ndo pesa za watu zinapopotelea.

Fundi yeye hahesabu sentimita, anahesabu kozi, yaani mistari ya tofali zilizopangwa kwenda juu. Tofali la block lina kama inchi 9 kwenda juu, weka na udongo wa kujengea unapata karibu sm 25 kwa kozi, kwa hiyo akikwambia "madirisha tunaanzia kozi ya nne ikishapita" ujue ni mita 1 kutoka kwenye jamvi. Baadaye inakuja sakafu ya saruji na tailizi zinakula sm 5 hivi, unabaki na 95. Juu kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango, huwa panabaki palepale, mita 2.1 sawa na milango, kwa hiyo ukipandisha kizingiti unafupisha dirisha, ukikishusha unalirefusha. Hesabu ni hiyo tu.

Shida ni kwamba mafundi wengi wanapiga namba moja nyumba nzima. Mimi wangu aliweka kozi 3 kila chumba, nikamsifia kabisa, nyumba ina mwanga bwana! Tukaja kufunga kabati za jikoni, kaunta iko sm 90 na kizingiti kiko 70, yaani kaunta imepita mbele ya kioo, ukiwa uani unaona mgongo wa kabati, na dishi la sinki linaning'inia kama samaki dukani. Ikabidi tujengee kozi nzima kwa chini na dirisha la aluminiam likaagizwa upya. Jikoni weka kozi 5, inakuja kama mita 1.2, bomba la sinki linakaa vizuri na maji yanarukia ukutani badala ya kwenye wavu wa mbu.

Sebuleni ni kinyume chake. Mtu akikaa kwenye sofa macho yake yako kama mita 1.1 toka chini, sasa kizingiti kikiwa 95 na grili juu yake, atakachoona ni bati la jirani na mawingu, hata mgeni akifika getini humwoni mpaka usimame. Kozi 3 zinatosha, na kama una baraza na bustani nzuri shusha hata mbili.

Chumbani watu wanabishana sana, mi nasimama na kozi 3 au 4 kutegemea kitanda kinakaa wapi. Godoro huwa liko kama sm 60 juu, na kwa joto la Dar au Tanga upepo ukiingilia juu sana unakupita tu kichwani, wewe unalowa jasho huku pazia linacheza. Ila kama kichwa cha kitanda kinaegemea dirishani, basi nne, la sivyo ubao wa kitanda unaziba kioo. Bafuni na chooni 6 au 7, sioni cha kujadili hapo. Ghorofani kwenye watoto usishuke chini bila grili ya maana, watoto wanapanda kila kitu.

Kabla kozi ya tatu haijajengwa, peleka kiti cha plastiki saiti, kiweke juu ya vipande vya mbao vya sm 5 hivi ili kufidia unene wa sakafu na tailizi, kaa, mwambie saidia fundi ashike ubao mbele yako apandishe na kushusha mpaka useme hapo hapo, halafu piga alama kwa penseli kwenye nguzo na umwonyeshe fundi mwenyewe, usimpigie simu.