"Jambo zito halichezewi": dhana potofu kuhusu dansi na ujumbe wa jamii

Ukisema dansi inaweza kupinga mauaji au ukatili, wapo watakaoguna. Kwao kucheza ni raha, na kuleta msiba jukwaani ni kuudharau.

Waulizwe wanawake wa Chile. Mwaka 1978, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Augusto Pinochet, wanawake ambao waume, watoto na ndugu zao walikamatwa wasionekane tena walipanda jukwaani jijini Santiago. Ngoma waliyoichagua ni cueca. Hii huchezwa na watu wawili: mwanamume na mwanamke huzungukana huku wakipunga leso, kama wanaotongozana. Siku ile mwanamke alicheza peke yake. Anapunga leso, anasogea, anarudi, anageukia mahali ambapo mwenzake angesimama, na pale hapana mtu. Ngoma hiyo ikaitwa cueca sola, cueca ya mpweke, na wanaoicheza hubandika kifuani picha ya aliyetoweka. Mwaka uliofuata, 1979, serikali ile ile iliitangaza cueca kuwa ngoma ya taifa. Akina mama wakaendelea kuicheza bila wenzi.

Wengine husema dansi isiyo na maneno haieleweki. Cueca ile ilieleweka papo hapo, kwa sababu watazamaji waliijua tangu utotoni na waliona mara moja kilichopungua. Nionavyo, hapa ndipo kampeni nyingi zinapokwama: zinaleta mtindo ambao hadhira haina uhusiano nao, watu wanapiga makofi, wanaondoka na mdundo tu.

Eti dansi ya namna hii ni kazi ya waliosomea? Ngoma ya gambuti ya Afrika Kusini ilikuzwa na wachimba migodi, wakipiga viganja kwenye buti zile zile za mpira walizovaa kazini. Hata msomi hana budi kujifunza upya. Pearl Primus, mcheza dansi wa Marekani, alikuwa tayari na jina jukwaani, lakini mwaka 1944 alikwenda kusini mwa nchi hiyo, akaishi na wakulima weusi, akachuma nao pamba na kuhudhuria ibada zao. Alitaka kuyajua maisha yao kabla ya kuyacheza.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni la sisi tunaoipenda dansi: kuamini kwamba onyesho zuri litabadili tabia lenyewe. Dansi hufungua moyo kwa dakika chache. Ndani ya dakika hizo mtu anahitaji kuambiwa aende wapi, amwone nani, haki yake ni ipi. Kikundi kikicheza habari za kipigo cha nyumbani, lazima pawe na mtu aliyeandaliwa kukaa na yule mama anayebaki kitini wakati wenzake wanatoka. Asipokuwepo, wamemtonesha kidonda na kumwacha nacho.