Stendi ndogo ikilala sana, usikimbilie kurefusha mguu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa bodaboda aliniletea pikipiki yake ya Boxer yenye stendi ndogo, ile ya mguu mmoja ubavuni, iliyochomelewa mara tatu. Kila pikipiki ilipoanza kulala sana kushoto, alikwenda kwa mchomeleaji akaongezewa kipande cha nondo chini. Ikiwa tupu, ilisimama vizuri. Siku aliyofunga magunia mawili ya mpunga nyuma, shokapu zikadidimia, pikipiki ikashuka, na ule mguu uliorefushwa ukaisimamisha wima kabisa. Mpita njia akaigusa kidogo, ikaangukia kulia, upande ambao hauna cha kuizuia.

Mguu haukuwa na ubaya tangu mwanzo. Kilichokwisha kilikuwa juu, kwenye bolti.

Stendi ndogo inashikwa na bolti moja tu. Kwenye fremu kuna bamba lililojitokeza, mimi huliita ulimi. Stendi yenyewe ina masikio mawili yanayoukumbatia ulimi huo, na bolti inapita katikati ya vyote. Mchanga ukiingia humo na grisi hakuna, kila unapoikunja na kuikunjua stendi chuma kinasaga chuma. Tundu linaacha kuwa duara, linakuwa kama yai. Bolti inapata kiuno. Masikio yanatanuka. Sasa piga hesabu: maungio yale yana upana wa kama sentimita 2 na nusu, mguu una urefu wa sentimita 25 hivi. Kupwaya kwa milimita 1 juu kunakuwa karibu sentimita 1 chini. Ukiitazama bolti kwa macho huoni kitu, ila pikipiki imeshalala.

Kuipima, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, kunjua ndogo, shika ncha yake uitikise kuelekea injini na kurudi nje. Ikicheza zaidi ya upana wa kidole, fungua bolti kabla ya kumfikiria mchomeleaji. Toa springi kwanza, kisha nati ya nyuma, kisha bolti. Osha vyote kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma.

Bolti ya hapa si ya kuokoteza. Ile yake halisi ina shingo laini isiyo na nyuzi, na stendi huizunguka shingo hiyo. Wengi wanatia bolti yenye nyuzi mwanzo mwisho, na nyuzi zile zinakula tundu kama tupa. Ukiikosa dukani, tafuta bolti ndefu yenye alama 8.8 kichwani, yaani ya chuma kigumu, shingo yake ienee unene wote wa maungio, kisha kata nyuzi zinazozidi. Tundu likishakuwa yai, bolti mpya peke yake haitakusaidia. Kwa bolti ya milimita 10, unaweza kulitanua tundu hadi 14 na fundi wa kukereza akakuchongea bushi, yaani kijibomba cha chuma cha kujaza nafasi kati ya bolti na tundu, mradi chuma kinachobaki pembeni ni kipana. Kikiwa chembamba, lijaze tundu kwa kuchomelea, halafu toboa upya. Masikio yaliyotanuka yabane kwenye jiliwa taratibu, katikati ukiwa umeweka kipande cha chuma chenye unene wa ulimi, yasije yakabana kupita kiasi.

Ukirudishia, paka grisi ya kutosha kwenye shingo ya bolti na pande zote mbili za ulimi. Kabla ya kuweka springi, stendi iweze kushuka kwa uzito wake yenyewe bila kuyumba. Ikikwama, kuna kitu kimebana.

Ikilazimu kuchomelea ulimi wenyewe kwenye fremu, toa tenki la mafuta uliweke mbali, toa waya hasi wa betri, chomoa CDI (kile kisanduku kinachoongoza cheche za plagi), na ubane ethi ya mashine jirani kabisa na pa kuchomelea. Umeme ule ukipitia nyaya za pikipiki unaunguza vifaa.

Springi ndiyo inayoninyima usingizi. Stendi iko kushoto, na sisi tunaendesha kushoto. Unakata kona ya kushoto, pikipiki inainama upande huohuo, stendi iliyodondoka inapiga lami na kulinyanyua gurudumu la nyuma. Hapo una abiria, labda mama na mtoto mgongoni. Naona vijana wamefunga stendi kwa mpira wa tyubu. Jua linaukausha, oili ya mnyororo inaulainisha, siku moja unakatika ukiwa mwendoni. Nunua springi. Angalia pia vijiti inaponing'inia: stendi ikiwa imekunjuliwa, springi ipite upande mmoja wa bolti, na ikikunjwa ihamie upande wa pili. Ndivyo inavyoishika stendi kotekote. Mchomeleaji akihamisha kijiti kimoja, hata springi mpya haitashika.

Kuiweka, usishindane nayo kwa plaizi. Vaa miwani, bana springi kwenye jiliwa, ikunje upande mmoja na uchomeke washa nyembamba kwenye nafasi zinazofunguka. Igeuze, chomeka upande wa pili. Inarefuka yenyewe. Ining'inize mahali pake, kisha ukiikunjua stendi springi inavutika na washa zinadondoka.

Unyayo ukilika, chomelea bamba la unene uleule uliokwisha. Kwa wanaopita kwenye matope, bamba la sentimita 6 kwa 8 linazuia kuzama.

Na jamani, tuache kulala juu ya pikipiki kijiweni ikiwa imeegemea stendi ndogo, na kupiga kiki ikiwa hivyohivyo. Mzigo upakiwe pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Ukingo wa barabara nao huteremkia kushoto, kwa hiyo hata stendi nzima hapo inabeba kuliko kawaida. Kila ukimwaga oili ya injini kuweka mpya, futa na maungio ya stendi uyapake grisi.

Ile Boxer nilikata vipande vyote vitatu, nikaweka bushi, bolti na springi mpya. Jana kijana alipita na magunia yake. Nilimwambia aisimamishe pale nje. Ililala kushoto kidogo, ikatulia. Nilishika ncha ya stendi nikaitikisa, haikucheza. Akaondoka na kikopo cha grisi.