Timu ya lakrosi ya mwanao: usihesabu makombe

Naishi Maryland, jimbo la Marekani lililoitangaza lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, kuwa mchezo wake rasmi wa timu mwaka 2004. Wazazi wenzangu Waswahili huniuliza: “Mtoto kaipenda ile fimbo yenye wavu, nimpeleke timu gani ya kusafiri, ya kulipia ada na kwenda mashindano ya mbali?” Wengi huja na majibu yao tayari, waliyoyaokota kwenye maegesho ya magari viwanjani.

Dhana: Timu inayoshinda ndiyo inayofundisha.

Kwa watoto wa miaka 10 au 11, ushindi ni rahisi kuupata. Kusanya waliorefuka mapema, mwenye mbio mpe mpira, wengine wamsindikize. Mwanangu alichezea timu ya namna hiyo. Kiangazi kimoja walibeba makombe mawili, naye akarudi nyumbani hajui kudaka wala kurusha kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemdai ajifunze. Akifika miaka 14, mabeki humjua mchezaji wa mkono mmoja ndani ya dakika tano, wakamzibia upande wake, kazi ikaishia hapo.

Ukweli uko kwenye mazoezi ya siku ya kawaida, si kwenye mashindano. Nenda ukahesabu mipira. Ukikuta watoto ishirini kwenye foleni wakisubiri mpira mmoja, ujue ada yako inalipia foleni. Ukikuta vikundi vya watatu kwa watatu, kila mtoto anaokota mpira wa chini, anapasia, anakosea na kurudia, hapo pana kocha. Hata USA Lacrosse, chama cha taifa chenye makao yake Sparks, hapa hapa Maryland, huhimiza viwanja vidogo na wachezaji wachache kwa watoto wadogo, ili kila mmoja auguse mpira mara nyingi.

Dhana: Asipoonwa na makocha wa vyuo akiwa na miaka 12, kachelewa.

Hofu hii ni biashara. Tangu 2017, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinawazuia makocha wa lakrosi wa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la vyuo, kuzungumza na mchezaji habari za kumsajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa darasa la 11. Bango la “makocha wa vyuo watakuwepo” kwenye mashindano ya watoto wa darasa la sita ni pambo tu.

Dhana: Gharama zitarudi kwa ufadhili wa masomo.

Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, ukagawanywa vipande vipande kwa kikosi cha watu arobaini na zaidi. Utaratibu huo ulibadilika 2025, lakini Divisheni ya Tatu bado haitoi ufadhili wa michezo hata senti. Pesa ya hoteli na petroli hesabu imeliwa.

Dhana: Acheze lakrosi peke yake, mwaka mzima.

Jim Brown alicheza lakrosi na futiboli ya Kimarekani chuoni Syracuse, akawa gwiji wa yote mawili. Pat Spencer alitwaa Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa lakrosi vyuoni, mwaka 2019 akiwa chuo cha Loyola, kisha akahamia mpira wa kikapu hadi Golden State Warriors ya NBA. Kocha anayenuna mtoto akienda kwenye kikapu wakati wa baridi analinda ratiba yake.

Dhana: Kumhoji kocha ni kumkosea adabu.

Hapa sisi ndio wenye shida, maana tumelelewa kumwachia mwalimu kila kitu. Uliza: kwa kila mashindano kuna mazoezi mangapi? Kikosi kina watoto wangapi? Wavulana huingia uwanjani 10, wasichana 12. Kikosi cha 28 maana yake benchi limejaa. Nani hasa atasimamia timu ya mwanangu, wewe au kijana wa chuo uliyemwajiri kwa wikendi? Na golikipa anafundishwa na nani? Timu nyingi humfanya shabaha ya mazoezi kwa muda wa saa mbili, kisha humlaumu Jumamosi.

Kocha tuliyenaye sasa nilipomuuliza hayo alicheka, akaniambia nije Jumanne nisimame popote nitakapo. Nikasimama nyuma ya goli. Mtoto mmoja alidondosha mpira mara tatu mfululizo. Kocha akamwita kwa jina, akamsogezea mkono kwenye fimbo, akamrushia wa nne.