Majilio ni nini, na jumuiya ijiandae vipi

Neno majilio limetoka kwenye kuja, kwa kupitia kujilia: kumjia mtu pale alipo. Tuanzie hapo, kwa sababu wengi huyachukua Majilio kama Kwaresima fupi, na wengine kama Noeli iliyowahi. Si hiyo wala si hii. Ni majuma ya Kanisa ya kuingoja Noeli, kipindi cha nyumba inayongoja mgeni: ua umefagiwa, maji yamo mtungini, sikio liko mlangoni. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alifundisha kwamba Bwana huja mara tatu. Alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu, na kati ya mara hizo mbili huja moyoni mwa anayempokea. Maandalizi ya kiroho yanagusa zaidi huko kuja kwa katikati, kusikoonekana kwa macho.

Kalenda kwanza. Majilio huanza Dominika (Jumapili) iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, yaani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Dominika ni nne daima, ila siku hazilingani. Noeli ikiangukia Jumapili, mnapata siku 28. Ikiangukia Jumatatu, kama 2023, Dominika ya nne ndiyo hiyo hiyo tarehe 24 na jioni yake ni mkesha, basi mna siku 22 tu. Jumuiya isiyohesabu mapema hupanga mambo ya wiki ya nne, kisha wiki yenyewe haipo.

Mpaka 16 Desemba masomo yanatazama kurudi kwa Bwana: kesheni, tengenezeni njia, na sauti ya Yohane Mbatizaji Dominika ya pili na ya tatu. Kuanzia 17 Desemba ndipo habari za kuzaliwa zinapokaribia, na Maria na Yosefu wanasogea mbele. Rangi ni zambarau, Dominika ya tatu yaweza kuwa waridi kwa sababu ya furaha. Wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa, isipokuwa kwenye sherehe kama ile ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba. Aleluya inabaki, na hapo ndipo Majilio yanapoachana na Kwaresima. Maua na vyombo vya muziki ni kwa kiasi. Kwaya inayomaliza nyimbo zote za Noeli mwezi wa Novemba huwanyima waumini ile kiu, na usiku wa 24 unafika hauna jipya.

Bagamoyo, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, kazi hii leo inabebwa na jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, Dunda, Magomeni na kwingineko. Chagueni saa ambayo mvuvi na mama anayewahi mnadani wataiweza, kisha msome Injili ya Dominika inayofuata kwa hatua saba: kumkaribisha Bwana kwa sala, kusoma, kuchagua neno au sentensi na kuitamka mara tatu polepole, kukaa kimya, kushirikishana kilichogusa moyo, kukubaliana tendo, kufunga kwa sala. Kinachoharibika mara nyingi ni hatua ya nne. Kimya cha dakika tatu kinaonekana kirefu, mtu anaanzisha wimbo, na Neno linapita bila kutua. Mwenyekiti ashike saa. Na matangazo ya michango yakae mwisho kabisa, baada ya sala, dakika kumi zisizidi. Yakitangulia, watu hukaa wakiwaza deni badala ya Injili.

Shada la Majilio halihitaji kununuliwa. Chukua ungo mkuukuu, weka juu yake sahani ya bati yenye mchanga uliolowanishwa, simamisha mishumaa minne kwa duara na zungushia majani. Watu wengi hupenda mvinje kwa kuwa unafanana na misonobari ya kwenye picha, lakini ukikauka hushika moto upesi mno. Majani ya mwembe ni salama zaidi, na yabadilishwe kila wiki. Mishumaa ya zambarau ikikosekana, mieupe iliyofungwa utepe chini inatosha: mitatu zambarau, mmoja waridi. Wiki ya kwanza unawashwa mmoja, ya pili miwili, mpaka minne, kwa muda wa sala tu. Joto la Desemba hulegeza nta, kwa hiyo mishumaa mirefu myembamba huinama ikiachwa karibu na dirisha la jua. Fupi minene ndiyo ya pwani. Na upepo wa kaskazi ukiingia ukumbini, geuzeni shada likingwe na ukuta.

Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, ndicho kinachohitaji hesabu. Muungamaji mmoja akichukua dakika tano, padre mmoja husikiliza kumi na wawili kwa saa, na jumuiya yenye watu 30 inataka saa mbili na nusu. Zidisha kwa idadi ya jumuiya, utaona kwa nini foleni ya 24 Desemba humalizika kwa watu kurudi nyumbani bila kuungama. Ombeni siku yenu kwa paroko mapema, wiki ya pili ndiyo nzuri. Jioni iliyotangulia kila mmoja apate nafasi ya kujichunguza dhamiri, kwa swali la kipindi hiki: ni nani niliyemfungia mlango? Jirani wa ukuta mmoja, ndugu wa urithi, mwanajumuiya aliyeacha kuja baada ya maneno.

Kanisa halikuweka mfungo wa lazima kwa Majilio. Anayejinyima kwa hiari na apeleke alichojinyima: nusu kilo ya mchele kila wiki kwenye kapu la jumuiya, lifike kwa mgonjwa kabla ya sikukuu, bila kuuliza dini yake.

Kuanzia 17 hadi 23 Desemba, Masifu ya Jioni, sala ya jioni ya Kanisa, yana miito saba ya kale, mmoja kila siku: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Andikeni kila mmoja kwenye karatasi, mtoto wa nyumba ausome kabla ya chakula cha usiku, na wote waitikie: njoo.